Shajara ya Mradi: Sodiamu Benzoeti katika Achari ya Embe, Wete, Pemba

Jumatatu, 6 Januari 2025

Leo tumelifungua daftari hili katika chumba cha nyuma cha nyumba ya Bi Mwenyekiti, hapa Wete, tukiwa wanakikundi kumi na mmoja, sufuria tatu kubwa, na swali moja ambalo nimekuwa nikiulizwa tangu mwezi uliopita kila nipitapo barazani: "Maalim, ile dawa ya achari hutiwa vijiko vingapi?" Kikundi kinatengeneza vitu vinne, navyo ni achari ya embe, pilipili ya ukwaju, chatne ya nazi na juisi ya bungo, na msimu uliopita kilipata hasara kwa sababu chupa zilizokaa dukani zaidi ya wiki tatu ziliota ukungu mweupe chini ya kifuniko. Mtu mmoja akawaambia kwamba huko kwengine hutia unga mweupe, ambao ni sodiamu benzoeti, chumvi ya kuhifadhia chakula, na achari ikakaa mwaka mzima. Mimi nimestaafu kusomesha kemia katika skuli ya sekondari, ndiyo maana nimeitwa.

Niliwajibu kwamba siwezi kusema vijiko vingapi mpaka nijue kila kitu kina uchachu kiasi gani. Jibu hilo halikupendwa. Bi Mkubwa, ambaye ameanza kutia embe chumvi kabla mimi sijazaliwa, alinitazama kama mtu aliyeuliziwa njia ya kwenda Konde akaanza kueleza habari za mawingu. Nimeahidi kulieleza jambo hili vizuri kadiri mradi utakavyokwenda, na nimeomba mambo matatu yakubaliwe tangu leo: kwamba hatutatia unga wowote usiokuwa na kibandiko cha kiwandani, kwamba hatutapima kwa kijiko, na kwamba kila kitakachotiwa kitaandikwa humu, pamoja na kilichoharibika.

Alhamisi, 9 Januari

Unga wa kwanza umeletwa na umekataliwa. Ulinunuliwa katika duka moja la mjini, ukiwa umefungwa katika mfuko wa nailoni usiokuwa na maandishi yoyote, na muuzaji alisema tu kwamba ni "ile ya kuhifadhia". Unga mweupe ni kitu cha hatari kukiamini kwa macho, kwa kuwa chumvi, shabu, magadi, sukari ya unga na chumvi za kutilia nyama, zote zikisagwa sawasawa hufanana.

Nilichota kama gramu 2, nikaziyeyusha katika maji kidogo ndani ya bilauri, na zikayeyuka upesi mpaka maji yakawa maangavu, kwani sodiamu benzoeti ni nyepesi kuyeyuka: mililita 100 za maji ya joto la kawaida hupokea zaidi ya gramu 60. Kisha nikakamulia ndimu mbili. Palepale maji yakachafuka, vikatokea vipande vyeupe vyembamba vinavyometameta kama magamba ya dagaa, vikazama polepole. Wanakikundi waliokuwa wakimenya vitunguu waliacha visu vyao wakaja kutazama. Kilichotokea ni kwamba asidi ya ndimu imeigeuza ile chumvi kuwa asidi ya benzoiki yenyewe, ambayo haiyeyuki kwa urahisi; mililita 100 za maji ya nyuzi 25 hubeba gramu 0.34 tu. Alasiri nilikwenda kwenye maabara ya skuli nikaijaribu kwa kloridi ya chuma, nikapata mashapo ya rangi ya hudhurungi hafifu, kama inavyotarajiwa kwa benzoeti.

Kwa hiyo unga ule ulikuwa benzoeti kweli, na hata hivyo tumeukataa. Majaribio yangu yanaonyesha kilichomo kwa wingi, hayaonyeshi kama mna uchafu wa metali au kama unga ulitengenezwa kwa matumizi ya viwanda vingine, maana chumvi hii hutiwa pia katika vipodozi na katika vimiminiko vya kuzuia kutu. Tumeagiza nusu kilo yenye alama ya E211 (ndiyo namba ya sodiamu benzoeti ya kutiwa katika chakula), namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi. Bei yake ni zaidi, na Bi Mwenyekiti amelalamika kidogo, lakini ametoa fedha.

Jumatano, 15 Januari

Unga umefika: gramu 500, pakiti haijafunguliwa, maandishi yanasomeka.

Nimetumia asubuhi nzima kuwaeleza wanakikundi jinsi chumvi hii inavyofanya kazi, nami naandika hapa maelezo yaliyoonekana kueleweka, kwa faida ya atakayelishika daftari hili baada yangu. Sodiamu benzoeti yenyewe haiui kitu. Inapoingia katika chakula chenye uchachu, sehemu yake hugeuka kuwa asidi ya benzoiki, kama tulivyoona katika bilauri, na ni asidi hiyo tu, ikiwa haijagawanyika, inayoweza kupenya ngozi ya seli ya hamira au ya ukungu. Ikishaingia ndani, ambako hakuna uchachu mkubwa, hugawanyika, huchachua ndani ya seli, na seli huishiwa nguvu za kuvunja sukari ili ipate kuishi. Mlango wa kuingilia, kwa maneno mengine, hufunguliwa na uchachu wa chakula chenyewe.

Kiasi cha asidi iliyo tayari kufanya kazi hutegemea pH, yaani kipimo cha uchachu ambacho hushuka kadiri uchachu unavyozidi, na hesabu yake ni ya kitabuni kwa kuwa pKa ya asidi hii, yaani pH ambapo nusu yake imegawanyika, ni 4.2. Katika pH 3 asilimia 94 ya benzoeti iko katika umbo linalofanya kazi. Katika pH 4 ni asilimia 61. Katika pH 5 ni 14 tu. Na katika pH 6 haifiki hata 2. Niliyaandika haya kwa chaki kwenye ubao wa mlango. Bi Mkubwa aliyatazama kwa muda, kisha akasema, "Basi Maalim, hii si dawa ya achari. Achari ndiyo dawa ya hii." Sijapata kusikia maelezo mafupi zaidi ya hayo, na darasani nilitumia vipindi viwili.

Baada ya adhuhuri tulipima pH. Tuliazima kipimio cha skuli na vimiminiko vyake vya kulinganishia vya pH 4 na pH 7, kwa kuwa karatasi za rangi hazisomeki vizuri ndani ya manjano na pilipili. Achari ya embe mbichi ilisoma 3.5, pilipili ya ukwaju 3.1, juisi ya bungo 3.3, na chatne ya nazi, ingawa imetiwa ndimu, 5.6. Niliizungushia chatne duara jekundu.

Jumamosi, 18 Januari

Siku ya kwanza ya kupika, na kosa la kwanza, ambalo ni langu.

Kwanza habari ya mizani. Mizani ya jikoni tuliyokuwa nayo inaruka gramu tano tano, na kwa hivyo haifai. Sonara mmoja wa hapa mjini alituazima mizani yake ya kupimia dhahabu kwa siku moja, kwa sharti kwamba isifike karibu na mafuta. Kabla ya kuanza nilichota unga mara tatu kwa kijiko kile kile cha chai, mara moja kikiwa cha kusawazisha na mara mbili kikiwa na kilima kidogo, na mizani ikasoma gramu 2.6, 3.4 na 4.1. Baada ya hapo hakuna aliyeuliza tena habari ya vijiko. Mizani yetu wenyewe, ndogo, inayosoma sehemu ya kumi ya gramu na kubeba mpaka gramu 500, imeagizwa.

Kikomo tunachokifuata ni cha Codex Alimentarius, ile tume ya viwango vya chakula ya FAO na WHO, mashirika ya chakula na ya afya ya Umoja wa Mataifa, ambayo kwa sosi na mfano wake inaruhusu miligramu 1000 kwa kilo. Lakini kiwango hicho huhesabiwa kama asidi ya benzoiki, si kama unga tunaoupima, na gramu 1 ya asidi ni sawa na gramu 1.18 za sodiamu benzoeti. Tumeamua kuanza na gramu 0.6 za unga kwa kila kilo ya achari, ambazo ni kama miligramu 508 za asidi, yaani nusu ya kikomo na ziada kidogo. Sikuona sababu ya kwenda juu zaidi kabla ya kuona nusu inafanya nini.

Sufuria ya kwanza ilikuwa ya kilo 5. Nilipima gramu 3, nikazinyunyiza moja kwa moja juu ya achari iliyokwisha tiwa siki, nikampa mwiko kijana wa Bi Mwenyekiti akoroge. Baada ya dakika chache juu ya achari palikuwa na chenga nyeupe, kama mtu aliyekwangulia sabuni ndani ya chakula. Ni yale magamba ya bilauri. Mahali unga ulipoangukia palikuwa na benzoeti nyingi na siki nyingi kwa pamoja, asidi ikaganda kabla haijapata maji ya kuyeyukia, na ikishaganda katika achari nzito yenye mafuta huchukua siku nyingi kurudi. Niliyaona haya kwa ndimu siku tisa kabla, mbele ya mashahidi, na bado nilinyunyiza. Sufuria hiyo haikuuzwa.

Kuanzia sufuria ya pili utaratibu umebadilika: unga huyeyushwa kwanza katika maji ya vuguvugu ya kikombe kimoja, maji hayo hutiwa embe kabla ya siki, kwa mkondo mwembamba huku mwiko ukizunguka, na siki hufuata baadaye. Tulipika kilo 20 za achari, tukazigawa nusu kwa nusu, kilo 10 bila unga na kilo 10 kwa gramu 6. Pilipili ya ukwaju nayo tuliigawa vivyo hivyo. Hakuna chenga iliyoonekana. Katika kila fungu tumechagua chupa 12 za majaribio, zimeandikwa kwa kalamu isiyofutika na kuwekwa katika rafu ya dukani, bila friji, mahali pale pale zilipoharibikia mwaka jana.

Jambo moja la kuangaliwa: achari yetu ina mafuta mengi juu, na asidi ya benzoiki hupenda mafuta kuliko maji. Sehemu itakayohamia huko haitawalinda embe walio chini. Nimeomba mafuta yapunguzwe mpaka yafunike tu, na ombi hilo limepokelewa kwa ukimya ambao sikuufurahia.

Jumatatu, 20 Januari

Chatne ya nazi, kilo 4, gramu 2.4. Nilieleza kwamba sitegemei mafanikio, wanakikundi wakataka tujaribu, tumejaribu.

Jumanne, 21 Januari

Leo hapakuwa na kazi ila maswali. Bi Mwenyekiti alitaka kujua unga huu hutokana na nini, kwa sababu wateja watamwuliza, naye hapendi kujibu "kemikali" kama mtu anayeficha jambo.

Asili ya jina lake iko karibu na sisi kuliko nilivyotarajia kusadikiwa. Waarabu waliokuwa wakifanya biashara na visiwa vya mashariki waliiita gundi ya mti mmoja wa Sumatra lubani jawi, yaani ubani wa Jawa. Wazungu walilikatakata jina hilo kinywani mpaka likawa benzoini, na asidi iliyopatikana kwa kuichoma gundi hiyo na kuukusanya moshi wake ukiganda ikaitwa asidi ya benzoiki. Ubani ule si huu wa Somalia na Arabuni tunaoutia katika chetezo, ni mti mwengine, lakini neno ni lile lile. Mwaka 1832 Wajerumani wawili, Liebig na Wöhler, waliutambua muundo wa asidi hiyo, na mwaka 1875 Salkowski akaonyesha kwamba inazuia ukungu. Siku hizi hakuna anayechoma ubani kwa kazi hii. Asidi hutengenezwa kwa kuiunguza kwa oksijeni toluini inayotokana na mafuta ya petroli, kisha hutulizwa kwa magadi makali, yaani haidroksaidi ya sodiamu, ikawa chumvi. Nikaongeza kwamba asidi yenyewe imo pia, kwa kiasi kidogo, katika mdalasini na katika karafuu. Hapo mwanakikundi mmoja, ambaye mumewe ana mikarafuu, alitaka kujua kwa nini basi tusitie karafuu tukaacha unga. Tukitia karafuu za kutosha, nilimjibu, hakutakuwa na achari, kutakuwa na karafuu zenye embe.

Swali zito lilikuwa la watoto, na hilo nililijibu kwa hesabu. Mwilini asidi hii huunganishwa na glaisini ndani ya ini, hugeuka asidi ya hipuriki, na hutoka kwa mkojo, haijilimbikizi. Kamati ya wataalamu ya FAO na WHO mwaka 2021 iliweka kiwango cha kila siku mpaka miligramu 20 kwa kilo moja ya uzito wa mtu, wakati mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya, ilipotathmini mwaka 2016, ilibaki na miligramu 5. Nimechukua ile ndogo. Mtoto wa kilo 15 basi ana nafasi ya miligramu 75 kwa siku. Kijiko kikubwa cha achari yetu, gramu 15, kina miligramu 7.6, na kwa hivyo atahitaji vijiko vikubwa kumi vya achari kuifikia mipaka hiyo, na mtoto huyo mdomo wake utakuwa umekwisha babuka kwa pilipili kabla ya hapo. Bi Mkubwa alicheka. Nikawaambia wasicheke mapema, kwa sababu juisi hainywewi kwa kijiko.

Jumatatu, 27 Januari

Chatne imeharibika siku ya saba. Chupa tatu kati ya kumi na sita zimetoa hewa, moja imesukuma kifuniko mpaka kikainama upande, na harufu ilikuwa ya nazi iliyolala ndani ya maji. Zote zimefukiwa.

Bi Mwenyekiti alisema lile nililokuwa nikilingojea: "Tia kidogo tena, Maalim." Tulikaa tukahesabu pamoja. Katika pH 5.6 asidi iliyo tayari kufanya kazi haifiki asilimia 4, na kwa hivyo katika zile miligramu 508 tulizotia kila kilo, zilizofanya kazi ni kama 19. Katika achari, kwa unga ule ule, ni zaidi ya 420. Ili chatne ipate ulinzi wa achari ingebidi itiwe kiasi cha gramu 11 za asidi kwa kilo, mara 11 ya kikomo, na juu ya hayo ingekuwa na ladha tamu chungu inayobaki kooni.

Lakini kilichonitia hofu zaidi si ukungu wala harufu. Chakula chenye pH zaidi ya 4.6 kilichofungwa katika chupa isiyopitisha hewa kinaweza kukuza bakteria wa sumu ya botulini, na sumu hiyo haitoi harufu ya kumwonya mtu. Unga wetu ungeweza kuuzuia ukungu kidogo, chupa ikaonekana safi, na mlaji akaiamini. Bi Mkubwa alipendekeza tuichachue kwa mbirimbi, na tulijaribu papo hapo katika bakuli, tukiongeza maji ya mbirimbi na kupima. Tulipofika pH 4.2 kila aliyeonja alifumba jicho moja.

Uamuzi: chatne ya nazi imetolewa katika mradi. Itatengenezwa asubuhi na kuuzwa siku hiyo hiyo kwa wauza urojo, kama ilivyokuwa ikifanywa zamani.

Jumamosi, 8 Februari

Juisi ya bungo. Kwa upande wa pH ingefaa kabisa, kwani katika 3.3 karibu asilimia 89 ya asidi ingefanya kazi. Nimependekeza isitiwe hata chembe, na kikundi kimekubali baada ya mabishano ya saa nzima.

Sababu ya kwanza ni ile hesabu ya mtoto. Kiwango cha Codex kwa vinywaji vya ladha vilivyotengenezwa kwa maji ni miligramu 250 kwa kilo, na gilasi moja ya mililita 250 iliyotiwa mpaka kikomo hicho inabeba miligramu 62. Gilasi moja ya mwanzo tu, mtoto wa kilo 15 amekwisha karibia miligramu 75 zake, na nani ameona mtoto wa Pemba akasimama kwenye gilasi moja ya bungo?

Sababu ya pili ni benzini. Benzoeti ikikutana na vitamini C, hasa pakiwa na joto, mwanga na chembe za shaba au chuma, kiasi kidogo chake kinaweza kugeuka benzini, ambayo husababisha saratani ya damu. Jambo hili lilijulikana Marekani tangu mwaka 1990, likarudi kuzungumzwa kwa kelele mwaka 2005 na 2006 vinywaji vilipopimwa tena, na viwanda vikalazimika kubadilisha mapishi. Viwango vilivyoonekana vilikuwa vidogo. WHO kwa maji ya kunywa inaweka mwisho wa mikrogramu 10 kwa lita. Lakini vinywaji vile vilipimwa, vyetu havipimwi, na mimi nazijua rafu za maduka yetu: chupa hupangwa mbele, dirishani, jua la kaskazi likiwa juu yake tangu saa tatu za asubuhi. Achari nayo ina vitamini C, nalikiri hilo, na kwa ajili yake tumehamishia chupa za achari rafu ya nyuma na kuacha kutumia sufuria ya shaba.

Juisi itachemshwa kufikia nyuzi 85, itiwe katika chupa ikiwa moto, ipozwe, na iuzwe kwenye friji. Aliyependekeza rangi ya chakula ili ionekane ya dukani amekataliwa pia: utafiti wa Southampton wa mwaka 2007 ulihusisha mchanganyiko wa rangi za kutengenezwa pamoja na benzoeti na utundu uliozidi kwa baadhi ya watoto, na ingawa haukuweza kusema kosa ni la rangi au la benzoeti, bungo lina rangi yake.

Jumamosi, 15 Machi

Wiki nane kamili. Tumefungua rafu baada ya alasiri, tukiwa na saumu, jambo lililowafanya wote wawe wapole na achari inukie mara mbili.

Achari bila unga: chupa 5 kati ya 12 zina ukungu, ya kwanza ikiwa imeonekana siku ya 19. Achari yenye unga: hakuna ukungu hata katika moja, lakini chupa namba 7 ilitoa mapovu ilipofunguliwa. Nimeikagua, na kwenye ukingo wa kifuniko kulikuwa na uzi wa embe uliobanwa ukazuia kufunga sawasawa. Ziko pia hamira zinazovumilia benzoeti kwa viwango vinavyoruhusiwa, iliyo mashuhuri ikiwa Zygosaccharomyces bailii, na chupa chafu inayoingia na wageni wengi haiokolewi na unga. Kuanzia sasa chupa na vifuniko vitachemshwa, na ukingo utafutwa kwa kitambaa kilichochemshwa, kabla ya kufunga.

Ukwaju umenishangaza. Bila unga zimeharibika chupa 2 tu kati ya 12, na hizo mbili zote ni za kijazo cha mwisho, kilichokuwa kimepoa. Zenye unga ni salama zote. Maana yake, kwa pH 3.1, pamoja na chumvi na sukari iliyomo, ukwaju umejilinda wenyewe karibu kabisa, na kilichokosekana ni kuutia chupani ungali moto. Nilikumbuka ugomvi wa Marekani mwanzoni mwa karne ya 20, ambapo watengenezaji wengi wa sosi ya tungule walishikilia kwamba bila benzoeti haiwezekani, na Henry Heinz akaiacha, akaongeza siki na sukari na kuchagua tungule nzuri zaidi. Sosi yake ilikaa.

Uamuzi: pilipili ya ukwaju haitatiwa unga tena.

Alhamisi, 10 Aprili

Tumepika kilo 40 za achari, gramu 24 za unga, kwa utaratibu uliorekebishwa. pH ya kila sufuria imepimwa kabla ya unga kutolewa kabatini: 3.4, 3.5, 3.4, na ya nne 3.9, iliyorudishwa motoni na kuongezewa siki mpaka ikasoma 3.5. Embe za mwisho wa msimu zimeanza kuwa tamu, na ndizo zitakazotusumbua kuliko jambo lolote. Achari iliyofanya kazi mwezi wa kwanza kwa gramu 0.6 inaweza kushindwa mwezi wa nne kwa gramu zile zile, bila mpishi kubadilisha kitu.

Mnunuzi mmoja, ambaye angechukua nusu ya chupa zote, aliomba neno la kihifadhi lisiandikwe kwenye kibandiko, kwa kuwa wateja wake wanataka chakula cha asili. Alikuwa mstaarabu na bei yake ilikuwa nzuri. Bi Mwenyekiti alimwandalia chai, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia, "Mwanangu, mimi nimeuza achari kwa jina la mama yangu; sitaanza leo kuuza kwa jina la uongo." Kibandiko kitasomeka: embe mbichi, siki, chumvi, pilipili, uwatu, manjano, mafuta, kihifadhi: sodiamu benzoeti (E211). Mnunuzi amechukua chupa sita za kujaribu.

Alhamisi, 17 Aprili

Chupa nne, moja kutoka kila sufuria, zimepelekwa Unguja kwa boti ya asubuhi ili zipimwe kiasi cha benzoeti na pH. Risiti imebandikwa ndani ya jalada la daftari hili.

Hesabu ya unga: sufuria iliyoharibika gramu 3, achari ya majaribio 6, ukwaju wa majaribio 6, chatne 2.4, achari ya mauzo 24, jumla 41.4. Katika pakiti ya 500 zingepaswa kubaki 458.6. Mizani yetu mpya imesoma 457.9. Gramu 0.7 hazijulikani zilipo, na Bi Mkubwa amelionyesha kidole shati langu jeusi.